Barabara ya Mchepuo na Daftari la Mwaka 1974

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Methali hiyo niliiandika ubaoni kila mwaka kwa karibu miaka arobaini ya ualimu, nikiwahimiza watoto wanyooshe mikono bila woga. Sikudhani kwamba uzeeni ningehitaji kujihimiza mwenyewe.

Kilichonikumbusha methali hiyo ni mkutano mmoja wa hadhara. Uliitishwa miaka michache iliyopita katika uwanja wa shule ya msingi niliyoiongoza mpaka nilipostaafu mwaka 2011, katika mji wetu mdogo ulioko kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Wageni walifika kwa magari mawili, wakabandika mchoro mkubwa kwenye ukuta wa darasa la tano, wakatueleza kwamba inapendekezwa kujengwa barabara ya mchepuo, ili malori yasipite tena katikati ya mji. Neno hilo lilinichekesha kidogo. Sisi walimu tulizoea mchepuo wa sayansi na mchepuo wa kilimo. Vijana waliokaa nyuma nao walicheka, ila kwa sababu zao, ambazo msomaji anazijua.

Kabla ya maelezo yoyote ilizungushwa karatasi yenye safu za jina, jinsia, kazi, namba ya simu na sahihi. Mimi ni mtu wa madaftari. Nilijaza safu zote kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi, nikampa jirani yangu kalamu.

Nataka nianze kwa kuitendea haki barabara yenyewe. Mji wetu umepasuliwa katikati na barabara ya lami. Mchana na usiku hupita semitrela za shaba, za mafuta na za makontena, zikielekea Tunduma au zikirudi bandarini. Tumewekewa matuta na alama za kuvukia, lakini dereva aliyetoka mbali akiwa na usingizi haoni alama. Mwaka 1986 mtoto wa kike wa darasa la pili alivuka asubuhi kuja shuleni, hakufika. Sitaandika jina lake. Niliibeba taarifa hiyo kwenda kwa mama yake kwa miguu yangu mwenyewe, na tangu siku ile sijawahi kumbeza mtu yeyote anayesema malori yaondolewe mjini. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nilikwenda mkutanoni kupinga. Nilikwenda nikiwa nimekwisha kukubali nusu.

Hiyo nusu nyingine ndiyo iliyonifanya ninyooshe mkono.

Kijana mhandisi, mwenye adabu na sauti nzuri, alisema uchunguzi umefanyika na magari yamehesabiwa. Nikamuuliza yalihesabiwa lini, kwa siku ngapi na mahali gani. Akanijibu, "Mzee wangu, yalihesabiwa siku saba mfululizo mwezi wa pili, pale penye lango la mji." Nikamshukuru. Lakini kila mtu wa kwetu anajua kwamba mwezi wa pili ni wa mvua na ghala tupu. Mahindi, viazi na vitunguu hutoka kuanzia mwezi wa sita, na hapo ndipo malori ya wanunuzi hujipanga mpaka mbele ya zahanati. Hesabu ya mwezi wa pili ni kweli tupu, lakini ni kweli ya mwezi wa pili.

Nikauliza la pili. Hesabu za magari ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza karani hukaa kando ya barabara na kuweka alama kwa kila gari lipitalo, basi kwenye safu yake na lori kwenye yake. Katika namna ya pili magari husimamishwa, dereva akaulizwa ametoka wapi, anakwenda wapi na atasimama wapi njiani. Ya kwanza hukuambia ni mangapi yanapita. Ya pili peke yake ndiyo hukuambia ni mangapi yangeacha kuingia mjini kama yangepewa njia nyingine, na ni mangapi yanaingia kwa sababu mji ndio safari yao. Nikauliza kama ya pili imefanyika. Akasema itafanyika katika hatua ijayo. Nikauliza hatua ijayo ni ipi. Akasema ni ile inayofuata baada ya njia kuchaguliwa.

Watu wakaguna. Vigingi vya saruji vilikuwa vimekwisha kupigwa upande wa bondeni wiki mbili kabla ya mkutano, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuvizoea.

Nilipofika nyumbani niliketi barazani na wajukuu wangu wawili, tukahesabu magari kutwa nzima, wao wakiandika na mimi nikisimamia. Sitaitaja hesabu ile hapa, maana kazi ya siku moja ya babu na watoto wawili si ushahidi. Nitasema tu kwamba ilinisuta. Malori yaliyopita bila kusimama yalikuwa mengi kuliko nilivyokuwa nimeapa mbele ya wenzangu kijiweni. Anayedai ushahidi kwa wengine ajiandae kuonyeshwa kwamba na yeye alikuwa akisema kwa mazoea.

Katika historia ya barabara yetu hii hili la ushahidi si jipya. Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupita kusini. Malori ya mafuta yakaanza kupita hapa, juu ya vumbi na tope, kabla lami haijawekwa. Wakati huohuo yalikuwapo mabishano juu ya reli. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamesema reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haitalipa. Mwaka 1966 wataalamu wa kampuni ya Maxwell Stamp ya Uingereza wakasema inawezekana na italipa. Milima ilikuwa ileile na shaba ileile. Kilichotofautiana ni swali: wa kwanza walipima faida ya fedha kwa njia zilizokuwapo, na wa pili walikuja wakati njia zile za zamani zikitiliwa shaka. Reli ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na sisi tuliishangilia. Somo ninalolichukua hapo si kwamba wataalamu ni waongo. Ni kwamba ushahidi hujibu lile lililoulizwa, basi mwananchi mwenye busara asitazame jibu tu, aulize pia swali lilikuwa nini.

Mjukuu wangu mmoja anayesomea ujenzi alinisimulia habari za London. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko barabara mpya, Great West Road, kuipunguzia mzigo ile ya zamani iliyopita Brentford. Ripoti ya Sir Charles Bressey iliyotolewa mwaka 1938 ilieleza kwamba barabara mpya, mara ilipofunguliwa, ilibeba magari mara nne na nusu ya yale yaliyokuwa yakipita ya zamani, na ile ya zamani haikupungukiwa. Hata hivyo ilichukua miaka mingi, mpaka 1994, kwa kamati iliyoishauri serikali ya nchi hiyo kukiri rasmi kwamba barabara mpya inaweza kuzaa magari mapya, na kwamba makadirio yaliyokuwa yakitumika hayakulizingatia jambo hilo.

Tusiende mbali hivyo. Hapa kwetu tunayo Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, ambayo watu wa rika langu waliijua kwa jina la Port Access. Ilikusudiwa malori ya bandarini yafike Ubungo bila kukatiza katikati ya jiji. Jiji likaifuata. Vikaja viwanda, maduka, stendi na nyumba, na ile njia ya kukwepa msongamano ikawa na msongamano wake. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, na mwaka 2021 lile la Kijazi pale Ubungo, yote kuutafutia dawa. Kama hakuna anayezuia ujenzi kando ya mchepuo, baada ya miaka ishirini mchepuo huwa ndio mji, na watoto huvuka huko.

Sasa nije kwenye tumbo. Bagamoyo iliwahi kuwa mlango wa nchi hii. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka huko, ikafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa. Hakuna aliyeibomoa Bagamoyo. Njia ilihama tu. Mji wetu si Bagamoyo, lakini unakula kwa barabara kama ilivyokula yeye kwa misafara. Wako mama lishe, wauza vitunguu, mafundi wa matairi, wenye gesti, vijana wa mahindi ya kuchoma wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati, na ni sheria njema. Lakini fidia humlipa mtu aliyepitiwa na barabara. Haimlipi aliyeachwa na barabara. Nilipouliza kama uchunguzi umewahesabu watu hao wa pili, nilijibiwa kwamba hawamo ndani ya eneo la mradi.

Baada yangu alisimama mama mmoja muuza vitunguu, mtu mzima kama mimi. Hakuuliza juu ya biashara yake. Alisema, "Mwanangu, vinyungu vyetu viko bondeni, na maji tunachota bondeni. Hiyo barabara yako inapita kati yetu na bonde. Hapa mjini lori linapunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Huko halitapunguza. Tutavukaje na ndoo kichwani?"

Mhandisi akajibu kwa upole, "Mama, hilo litaangaliwa baadaye, katika usanifu wa kina."

Hapo ndipo moyo wangu ulipopiga, maana jibu lile nilikuwa nalijua. Nililitoa mimi mwenyewe, kwa maneno karibu yaleyale, mwaka 1974.

Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1972, nikapangiwa wilaya hii nikiwa kijana. Siasa ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 ilisema watu waishi pamoja kwa hiari yao, na chuoni tulifundishwa hivyo, nami niliamini. Lakini Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na TANU ilikuwa imekwisha kuazimia kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamehamia. Ikaja Operesheni. Malori yalitumwa milimani kuchukua watu, vyombo na kuku. Mahali pengine nyumba ziliezuliwa mapaa ili watu wasirudi. Kwa kuwa magari na maofisa walipita barabarani, vijiji vingi viliwekwa barabarani. Mji wetu ulizaliwa hivyo, nyumba upande mmoja wa barabara kuu, shule na zahanati upande wa pili, kwa sababu upande huo ndiko palikuwa na tambarare.

Walimu tulipewa kazi ya uandishi. Mimi nilipewa daftari kubwa lenye jalada gumu, nikalipiga mistari mwenyewe: namba, jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, mifugo, mahali alikotoka. Juu ya ukurasa wa kwanza, kama nilivyoelekezwa, niliandika kwamba wafuatao wamehamia kijijini kwa hiari. Sikuulizwa kama ni kweli, na mimi sikumuuliza mtu.

Mzee mmoja alipofika mezani kwangu alitaja jina lake, akataja watu wake na mbuzi wake, kisha hakuondoka. Akaionyesha barabara kwa fimbo. "Mwalimu," akaniambia, "hii si njia ya ng'ombe. Nyumba mmeziweka huku, shule kule. Watoto watapitaje?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo litaangaliwa baadaye." Nikamwita anayefuata. Neno lake sikuliandika popote, maana daftari halikuwa na safu yake.

Miaka kumi na miwili baadaye nilikuwa nikitembea kuelekea kwa mama wa yule mtoto wa darasa la pili. Mzee yule alikuwa amekwisha kufa, na sikupata mtu wa kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli.

Sisemi haya ili kuisuta Operesheni yote. Shule niliyoiongoza isingekuwapo bila kijiji kile, na wapo madaktari na maofisa leo ambao wasingeiona kalamu kama wazazi wao wangebaki kule juu. Ninachosema ni kwamba lile la barabara lingeweza kurekebishwa kwa kusogeza shule mita mia chache, siku ileile, bila gharama yoyote, kwa sababu bado palikuwa porini. Ujuzi ulikuwapo. Alikuwa nao mzee mwenye fimbo, akiwa amesimama mbele ya karani. Kilichokosekana ni mahali pa kuuweka.

Wiki kadhaa baada ya mkutano wa mchepuo nilikwenda ofisi ya kata kwa shughuli nyingine, nikaonyeshwa nakala ya taarifa. Ukurasa mmoja ulisema kwamba wananchi wameshirikishwa, wameupokea mradi kwa furaha na wameomba uanze mapema. Swali la mama wa vitunguu halikuwamo. Langu lilikuwamo kwa mstari mmoja: mzee mmoja alitaka kujua idadi ya magari. Nyuma yake ilibandikwa karatasi ya mahudhurio kuwa ushahidi wa kuungwa mkono, na jina langu lilikuwa la nne kutoka juu, kwa mwandiko mzuri.

Nilipomsimulia yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Enhe, Mwalimu," akasema, "zamani ulituandika sisi. Leo na wewe umeandikwa."

Wako watakaosema kwamba watu wakiulizwa kila kitu hakuna kitakachojengwa. Nawajibu kwa mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ile ilizunguka mikoa ya bara, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya mia mbili mijini na vijijini, ikasikiliza malalamiko, yakiwamo ya watu waliopoteza ardhi wakati wa Operesheni, na yaliyosemwa yakaandikwa. Ripoti ilitolewa mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa, kwamba ardhi isiwe chini ya mamlaka ya Rais bali ya vyombo vya wananchi wenyewe, Serikali haikulikubali, na sheria za mwaka 1999 zikafuata njia nyingine. Hata hivyo, mkulima aliyesimama kusema mbele ya Tume alijua neno lake limewekwa. Alikataliwa baada ya kusikilizwa. Hiyo ni heshima tofauti kabisa na kukubalishwa bila kusikilizwa. Na tangu mwaka 2004 tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayotaka wananchi washirikishwe katika tathmini ya miradi kama huu wa kwetu. Sheria tunayo. Tunachokosa ni karani mwenye nafasi katika daftari.

Basi niliandika barua. Niliomba mambo matatu: magari yahesabiwe tena wakati wa mavuno na madereva waulizwe waendako, swali la mama wa vitunguu liandikwe kama alivyolisema, pamoja na jibu lake, na ile karatasi ya majina iitwe kwa jina lake la haki, yaani orodha ya waliohudhuria, isiwe ya waliokubali. Mwishoni nikaongeza kwamba mimi binafsi naelekea kuukubali mchepuo, endapo utapita juu ya kilima cha kaskazini badala ya bondeni, au ukiwekewa njia ya chini kwa chini ya kuwapitisha watu na mifugo. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba barua yangu imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Mpaka ninapoandika haya barabara haijajengwa. Majani yamevifunika vigingi, na kimoja hufungiwa mbuzi. Malori bado yanapita mjini, na kila asubuhi mwalimu wa zamu husimama barabarani na bendera nyekundu kuwavusha watoto. Huenda wahandisi wana haki na mimi nachelewesha jambo la kuokoa maisha. Wazo hilo hunijia usiku, na silifukuzi.

Lakini kwa walimu vijana, ambao kila serikali itawapa daftari na kuwaambia waandike watu, ninao usia mmoja. Mkilipiga mistari, ongezeni safu moja zaidi baada ya jina, na juu yake andikeni: Amesemaje. Kisha msimwite anayefuata mpaka mmeijaza.